Ijue Laikipia: Ardhi ya mabilionea, faru wa mwisho, na watu waliohamishwa mara mbili

Wadau, leo tunaacha kidogo habari za nani kaachana na nani. Nakupelekeni milimani, Kenya, sehemu inaitwa Laikipia. Najua mtaniuliza, wewe mtu wa Mgogoni, Pemba, Laikipia inakuhusu nini? Subirini. Mastaa wapo, mabilionea wapo, faru wapo, risasi zipo. Na katikati ya hao wamo watu wengi ambao hakuna aliyejali kuyaandika majina yao, na mimi hao ndio walioniweka macho usiku.

Tuanze na hesabu ndogo. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 518,560 katika kaunti nzima ya Laikipia. Kaunti kwao ni kama mkoa kwetu, ila ina gavana wake wa kupigiwa kura. Sensa yetu ya 2022 ikahesabu watu 543,441 Pemba, Kaskazini na Kusini pamoja. Yaani sisi na wao tunakaribiana kabisa, tumewapita kidogo tu. Sasa njoo kwenye ardhi. Pemba haifiki hata kilomita za mraba 1,000. Laikipia ni kama 9,500.

Rudia kusoma hapo. Watu karibu sawa, ardhi mara tisa na zaidi. Pale ambapo kwetu wamekaa watu kumi, kwao amekaa mmoja. Sisi huku ndugu wanagombana kwa mpaka wa mikarafuu minne na mnazi mmoja, wakati Laikipia unaendesha gari saa nzima pembeni mwa uzio mmoja, wa shamba moja, la mwenyewe mmoja.

Mtu wa haraka atakwambia ni kawaida, kule ni milimani, ni ukame, watu hawapendi kukaa. Kuna ukweli ndani yake. Laikipia ni uwanda wa juu, umekaa kati ya Mlima Kenya upande wa mashariki na milima ya Nyandarua upande wa kusini magharibi. Mstari wa Ikweta unapita hapo hapo lakini usiku baridi yake si ya mchezo. Kusini kunapata mvua, watu wanalima. Ukienda kaskazini mvua inapungua, nyasi na miiba mpaka upeo wa macho, na mto Ewaso Ng'iro ndio tegemeo. Ni nchi ya ng'ombe, sio nchi ya muhogo. Kwa hiyo sisemi kwamba Laikipia ingekuwa imejaa watu kama Wete. Ninachosema ni kwamba ile picha ya "ardhi tupu ya asili" inayouzwa kwa watalii si ya asili hata kidogo. Laikipia ilitolewa watu. Kuna tarehe, kuna karatasi zilizosainiwa, na kuna kesi mahakamani.

Lakini kwanza mastaa, maana najua baadhi yenu mmekuja kwa hao.

Miaka ya hamsini muigizaji wa Hollywood William Holden, mshindi wa Oscar, alikuja kuwinda Kenya, akaipenda sehemu hii hadi akashirikiana na wenzake kufungua klabu ya kifahari nje kidogo ya mji wa Nanyuki, 1959. Mount Kenya Safari Club. Wanachama wake walikuwa watu wa majina makubwa duniani, sitawataja wote hapa tukakesha. Baadae akaja Adnan Khashoggi, bilionea wa Saudia, dalali wa silaha, ambaye zama zake magazeti yalimwita miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa ulimwenguni. Huyu ndiye mjomba wa Dodi Fayed, yule aliyefariki kwenye gari pamoja na Princess Diana. Na ukoo huohuo ndio wa Jamal Khashoggi, mwandishi aliyeuawa Istanbul 2018. Basi Khashoggi alimiliki ranchi ya Ol Pejeta hapo Laikipia, ambayo kabla yake ilikuwa mikononi mwa familia ya Lord Delamere, Muingereza mkubwa wa masetla.

Ol Pejeta ni eka 90,000. Eka elfu tisini wadau! Ni zaidi ya theluthi moja ya Pemba yote, shamba moja. Hapo ndipo alipofia Sudan, faru dume wa mwisho wa jamii ya faru weupe wa kaskazini, tarehe 19 Machi 2018. Dunia nzima ililia, na mimi nilimuonea huruma. Wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu, na wana walinzi wenye silaha mchana na usiku. Siku hizi Ol Pejeta ni hifadhi, haimilikiwi na bilionea tena, na ng'ombe bado wapo humo humo pamoja na wanyama pori.

Halafu yuko Kuki Gallmann, mwandishi mzaliwa wa Italia. Alinunua na mumewe ranchi ya Ol Ari Nyiro, ni ya eka laki moja hivi, huko magharibi ya Laikipia. Mume akafa kwa ajali ya gari 1980. Mtoto wake wa kiume akafa kwa kuumwa na nyoka 1983. Akaandika kitabu, kikatolewa filamu 2000, na aliyeigiza kama yeye ni Kim Basinger. Mama huyu kapata misiba ya kweli, hilo silikatai. Lakini tazama picha ile vizuri: ardhi kubwa, nyasi za dhahabu, mzungu na maumivu yake, na Waafrika wanapita nyuma wakibeba vitu. Wenye nchi wako wapi?

Sasa turudi nyuma.

Jina Laikipia limetokana na watu, Ilaikipiak, kundi moja la Wamasai waliokuwa wakilisha uwanda huo. Miaka ya 1870 hivi kundi hili lilipigana na Wamasai wenzao, Wapurko na washirika wao, likashindwa vibaya. Waliobaki walitawanyika, wengine wakamezwa na makundi mengine. Kwa hiyo naomba tusifanye kama kwamba kabla ya mzungu kule kulikuwa na amani ya malaika. Haikuwa hivyo. Wamasai waliifuta Laikipia ya Wamasai wenzao.

Mwaka 1883 anafika Mskochi Joseph Thomson, na hapa sisi tunaingia. Thomson alikusanya wapagazi wake Zanzibar, wakavuka, na msafara ukaanza kutembea kutoka Mombasa. Waliobeba shanga, nguo, waya, risasi, mahema na mpaka masanduku ya dawa ya Thomson kupanda mpaka Laikipia ni watu wa pwani na visiwani. Miaka minne baadae, 1887, akaja mtu mwengine wa ulaya, Count Teleki, Mhungari, naye wapagazi kachukua Zanzibar na safari kaanzia Pangani. Na huo haukuwa mwanzo. Misafara ya biashara ya Waswahili kutoka Pangani na Mombasa ilikuwa ikienda Umasaini kutafuta pembe za ndovu kabla ya hawa wazungu kujua njia. Mfanyabiashara mmoja anaitwa Jumbe Kimemeta alikuwa anaijua nchi ile, na misafara yote miwili, wa Thomson na wa Teleki, ilimtegemea.

Kimemeta angalau jina lake limebaki. Wale wapagazi je? Mtu katembea kutoka bahari mpaka Mlima Kenya na mzigo kichwani, kalala kwenye baridi ambayo maisha yake yote hajaiona, hana viatu, na jina lake hulipati mahali. Maporomoko ya maji ya Nyahururu yaliitwa Thomson's Falls, mpaka mji wenyewe ukaitwa hivyo mpaka baada ya uhuru. Milima ya Nyandarua ikaitwa Aberdare, kwa heshima ya bwana mmoja mkubwa wa chama cha wanajiografia wa Uingereza aliyekaa zake London. Mpagazi wa Zanzibar aliyefika kwa miguu yake hakupewa hata kijito.

Baada ya hapo mambo yakaharibika haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 likaja gonjwa la sotoka, likamaliza ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Kwa mfugaji ng'ombe ni chakula, ni mahari, ni benki, kwa hivyo fikiria benki zote za nchi zimefungwa mwezi mmoja. Ikafuata ndui kwa watu, na njaa. Laiboni mkubwa Mbatian, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wao wa kiroho, akafariki wakati huo huo, na wanawe wawili, Olonana na Sendeu, wakagombea nafasi. Olonana akaona bora awe karibu na Waingereza. Waingereza nao walikuwa wachache, wakawatumia wapiganaji wa Kimasai kuwapiga makabila mengine na kuwalipa ng'ombe wa kuteka. Kwa muda kila mmoja alimuhitaji mwenzake.

Reli ndiyo iliyobadilisha mahesabu. Ilianza Mombasa 1896, ikafika ziwani 1901. Imekula pesa nyingi za Waingereza na haina mizigo ya kubeba. Wakaamua walete walowezi wa kizungu walime na kufuga pembeni ya reli. Na pembeni ya reli, kwenye Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru, walikuwepo nani? Wamasai na mifugo yao, iliyokuwa imeanza kuongezeka tena baada ya sotoka.

Agosti 1904 ukasainiwa mkataba. Upande mmoja kamishna wa Uingereza, Sir Donald Stewart, upande mwengine Olonana na wazee wengine. Wamasai wanaondoka Bonde la Ufa. Wanapewa sehemu mbili: moja kusini ya reli, nyengine kaskazini, ambayo ndiyo Laikipia. Baina yake iwepo njia ya upana wa nusu maili ili ndugu watembeleane na mifugo. Na sharti kubwa: makubaliano yadumu maadam Wamasai wapo duniani.

Maadam wapo duniani! Sio miaka kumi. Mkataba wa pango la chumba kimoja Chake Chake una masharti mengi zaidi ya kukutoa kuliko huo.

Basi wakahama. Hiyo ni mara ya kwanza. Kiongozi wa waliokwenda Laikipia alikuwa Ole Gilisho, Waingereza wakimwandika Legalishu. Na Laikipia iliwafaa, iwe isemwe. Maji yapo, majani mazuri, baridi inazuia maradhi mengi ya mifugo. Mifugo ikazaana. Ile njia ya nusu maili haikutekelezwa kama ilivyoandikwa, lakini ng'ombe wakanenepa.

Na hilo ndilo lililowaponza. Walowezi wakaanza kuitazama Laikipia. Kumbe kule juu kunafaa hivi? Gavana mpya Sir Percy Girouard, aliyefika 1909, akawa na fikra kwamba Wamasai wote wawekwe pamoja kusini, kwa "faida yao". London ikawa na wasiwasi, 1910 ikasimamisha, ikimuuliza kama kuna walowezi walioahidiwa ardhi Laikipia kabla wenyewe hawajaondoka. Akakana. Ubishi ule ndio uliokuja kumtoa kazini 1912, maana ushahidi ukaonekana ni tofauti na alivyosema.

Machi 1911 Olonana akafariki. Na hapa pana kitu ambacho kama kingetokea leo mitandao ingewaka moto. Wakubwa wa serikali wakatoa habari kuwa Olonana kwenye kitanda cha mauti aliusia watu wake wakubali kuhamia kusini. Maneno ya maiti, na aliyeyaleta ni yule yule mwenye haja na ardhi. Mimi siamini, na wewe amini utakalo. Tarehe 4 Aprili 1911 mkataba wa pili ukasainiwa. Ule wa "maadam wapo duniani" ulikuwa umedumu miaka saba haijatimia.

Kuhama kukaanza Juni 1911. Jitahidi uione hii. Watu maelfu, makadirio ya chini ni elfu kumi na watafiti wengine wanasema elfu ishirini. Ng'ombe zaidi ya laki moja. Kondoo wanakaribia milioni, kama hawakuzidi. Punda wamebeba ngozi na miti ya nyumba, wanawake wana watoto mgongoni, wazee wanashikwa mkono. Wamegawiwa njia tofauti kwenda kusini, baadhi zinapita juu ya milima ya Mau. Mvua ikawakuta huko, na baridi. Mifugo ikafa njiani, na watu wakafa, wadogo na wazee ndio wa mwanzo. Wangapi khasa? Hakuna daftari la majina. Ole Gilisho akageuza watu wake wakarudi Laikipia, na serikali ikalazimika kusimamisha.

1912 wakaanza tena, kwa nguvu zaidi. 1913 Laikipia ikawa haina Wamasai wa Ole Gilisho.

Lakini kabla hawajamalizwa, walifanya kitu ambacho nilipokisoma nilisimama. Wakaenda mahakamani. Mwaka 1912 na 1913, watu ambao magazeti ya walowezi yaliwaita washenzi, wakatafuta wakili mzungu, Alexander Morrison, wakaishitaki serikali ya kikoloni kwamba mkataba wa 1904 bado uko hai na waliosaini 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwasemea wote. Wakili alilipwa kwa kuuza ng'ombe. Kulikuwa na daktari mmoja wa serikali, Norman Leys, aliyewapelekea wabunge wa Uingereza habari za yanayofanyika. Malipo yake yakawa uhamisho, akaondolewa Kenya.

Mshitaki wa mwanzo kwenye kesi aliitwa Murket ole Nchoko. Mahakama ikamwandika "Ol le Njogo", na jina hilo la makosa ndilo lililobaki kwenye vitabu vya sheria mpaka leo, wanafunzi wa sheria Afrika Mashariki wanalisoma hivyo hivyo. Yule mmoja aliyepata bahati ya kuandikwa jina, wamemkosea.

Mei 1913 wakashindwa. Wakakata rufaa, Disemba 1913 wakashindwa tena. Sababu waliyopewa ndiyo ya kushangaza. Majaji walisema nchi ile ni ya ulinzi tu wa Uingereza, sio ardhi ya Uingereza, kwa hivyo Wamasai ni kama dola ya kigeni. Na mkataba baina ya dola na dola mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuuhukumu. Umeona mchezo huo? Ukitaka kuwahamisha kwa bunduki ni raia wako. Wakija kudai haki yao kwa karatasi wanageuka kuwa nchi ya nje.

Wanaokwenda leo kupiga picha na Wamasai wa Narok, karibu na Maasai Mara, wengi wanadhani watu hao wako hapo tangu Nabii Adam. Sehemu yao kubwa ni wajukuu wa msafara ule.

Laikipia ikagaiwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, 1919, mashamba wakapewa askari wa Kiingereza waliorudi vitani, nchi hiyo ikawa sehemu ya ile milima iliyowekwa kwa wazungu peke yao. Wakafuga. Na lazima niwape haki yao hapa: ng'ombe wa Boran, wenye nundu, asili yao wafugaji wa mpakani na Ethiopia, waliboreshwa kwenye ranchi hizo mpaka wakawa mbegu inayotafutwa Afrika nzima. Sisi Pemba ng'ombe wetu ana kamba na ana jina, siku ya mchezo wa ng'ombe dume anasifiwa kama mcheza mpira, tunamkimbia na tunamcheka. Kule mtu ana elfu kadhaa, wana namba masikioni. Mzee wa jirani yangu nilipomsomea hesabu hiyo aliniuliza swali moja tu: "Sasa usiku anajuaje kama mmoja hayupo?"

Kuna watu wengine niwataje kabla sijasahau, Wayaaku, wa msitu wa Mukogodo, kaskazini ya kaunti. Hawa hawakuwa wafugaji. Walikuwa warina asali, wakikaa kwenye mapango. Mabadiliko hayo ya ardhi yakawasukuma kufuga, wakaoa na kuozesha kwa Wamasai, wakachukua na lugha yao. Leo wanaokijua Kiyaaku ni wazee wa kuhesabika kwa vidole. Kona hiyo ya Mukogodo ndiyo iliyoachiwa wenyeji, kavu na ya mawe, na huko huko ndiko jamii ya Il Ngwesi walikojenga nyumba yao ya watalii 1996, mali ya kijiji, kwa hiyo si kila habari ni ya kulia.

Sasa fika kwenye uhuru, maana ndipo inapotugusa sisi. Zanzibar tulipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963. Kenya tarehe 12 Disemba 1963. Siku mbili tu baina yetu. Mwezi mmoja baadae kwetu yakaja Mapinduzi, ardhi ikataifishwa, watu wakagaiwa eka tatu tatu. Unguja zaidi kuliko Pemba, kwa sababu huku wenye mikarafuu wengi walikuwa wadogo wadogo, lakini neno "eka tatu" kila mzee analijua. Unaweza kulisifu au kulilaani, kuna watu walidhulumiwa pia na majeraha hayo bado yapo, siingii huko leo.

Kenya walikwenda njia nyengine. Serikali ilikopa pesa, nyingi kutoka Uingereza kwenyewe, ikanunua ardhi kwa walowezi na kuwauzia wananchi. Anayetaka kuuza anauza, asiyetaka anabaki. Laikipia wengi hawakuuza. Waliouza, mashamba yalinunuliwa na vyama vya wanahisa, wengi wao Wakikuyu, wakayakata vipande vidogo, na vipande vyengine viko sehemu kavu kiasi kwamba mwenye hati alifika, akatazama, akarudi alikotoka. Ndiyo maana mpaka leo utakuta maeneo yenye mamia ya hati za watu na hapana hata paa moja. Wafugaji wanalisha humo.

Na Wamasai, waliotolewa? Hawakuwa na pesa za kununua walichokuwa nacho.

Kwa makadirio ya watafiti, takriban asilimia 40 ya ardhi ya Laikipia ipo kwa wamiliki wasiofika hamsini. Chukua Ol Pejeta peke yake, igawe kwa eka tatu tatu za Mzee Karume. Unapata familia elfu thelathini.

Agosti 2004, miaka mia kamili tangu mkataba wa mwanzo, Wamasai wakaandamana Nairobi na Laikipia. Wengi wao waliamini kwa miaka mingi kwamba muda wa pango umekwisha. Wengine wakaingiza ng'ombe ndani ya ranchi. Waziri wa ardhi wa wakati ule, Amos Kimunya, akawajibu kuwa hati za ranchi ni za miaka 999, sio 99. Polisi wakaja. Mzee mmoja mfugaji akapigwa risasi akafa. Namuacha bila jina kwa heshima ya watu wake, lakini alikufa katika ardhi ambayo serikali ya 1904 iliahidi ni yao maadam wapo.

Halafu 2017. Ukame mkali, na uchaguzi unakaribia. Wafugaji wenye bunduki, wengi kutoka kaunti za jirani, waliingia kwenye mashamba na makumi ya maelfu ya ng'ombe. Machi mwaka huo Tristan Voorspuy, aliyekuwa afisa wa jeshi la Uingereza na mmoja wa wamiliki wa ranchi ya Sosian, akauawa akiwa juu ya farasi akienda kutazama nyumba zilizochomwa. Aprili Kuki Gallmann, huyu huyu wa filamu, akapigwa risasi tumboni, akapona. Magazeti ya Ulaya yaliandika kurasa na kurasa. Wakulima wadogo wa Kiafrika waliochomewa nyumba, na wafugaji waliouawa, walipata mstari mmoja mwisho wa habari. Na ilisemwa sana wakati ule kuwa ng'ombe wengi hawakuwa wa vijana waliowachunga, ni wa wakubwa wenye suti waliokaa mjini. Majina yao yanajulikana mabarazani, kwenye karatasi hayapo.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sisemi aliyebeba bunduki 2017 ni shujaa wa 1913. Wengi hawana hata uhusiano na watu wa Ole Gilisho. Ninasema ukiuacha uwanda mkubwa namna ile mikononi mwa wachache, na pembeni yake pana watu ambao ng'ombe wao wanakufa kwa kiu, lazima mtu atakuja usiku kukata waya.

Waingereza wenyewe bado wapo. Jeshi lao lina kambi Nanyuki na linafanya mazoezi kwenye ranchi hizo. Machi 2021, wakati wa mazoezi, moto ukawaka katika ardhi ya Lolldaiga ukateketeza maelfu ya eka, na wanakijiji wakaenda mahakamani kudai, kama babu zao walivyofanya.

Na zile hati za miaka 999? Katiba mpya ya Kenya ilianza kazi tarehe 27 Agosti 2010, na inasema asiyekuwa raia hawezi kushikilia ardhi zaidi ya miaka 99. Waliokuwa na 999 zimekatwa, na hesabu inaanza siku ile. Wamiliki wengi wa Laikipia, wazungu kwa waafrika, ni raia wa Kenya, kwa hivyo wao haiwahusu. Kwa wale wageni ambao inawahusu, muda wao unamalizika mwaka 2109.